Ripita ya Redio za Mitumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa kwenye simu, kwenye mikutano ya klabu ya redio ya ridhaa, na mara nyingine juu kabisa ya kilima huku mvua ikikaribia. Majibu ni ya mtu aliyezifungua redio hizi kwa mikono yake. Ukiona nimerefusha mahali, ujue ndipo watu wengi wanapopoteza fedha na moyo.

Ripita ni nini hasa, na kwa nini lazima iwe juu?

Ni redio mbili zinazofanya kazi kama moja: risiva inasikiliza kwenye masafa ya kuingilia, transmita inarudia yaleyale kwenye masafa ya kutokea, na zote mbili ziko kazini kwa wakati mmoja. Mtu aliye bondeni na redio ya mkononi ya wati 5 anasikika ng'ambo ya milima kwa sababu ripita imesimama mahali ambapo yeye hawezi kusimama.

Afrika yote imo Kanda ya 1 ya IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Katika bendi ya mita 2, ripita za kanda hii hutoka kati ya 145.600 na 145.7875 MHz, na huingilia kHz 600 chini ya hapo.

Kuhusu urefu, kuna hesabu ya haraka: tafuta kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi upeo wa redio. Antena ya mita 10 juu ya paa inakupa kilomita 13. Vilele vya Ngong vimeizidi Nairobi kwa kama mita 700, na hesabu hiyohiyo inatoa karibu kilomita 109. Hakuna transmita itakayokununulia tofauti hiyo.

Nina leseni yangu binafsi. Je, inatosha?

Usidhani inatosha. Ripita ni kituo kinachorusha bila mtu kukaa mbele yake, kwa hiyo uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kabla hujanunua hata konekta: CA kwa Kenya, TCRA kwa Tanzania, UCC kwa Uganda. Masafa na alama ya wito vipangwe kwa maandishi. Na kilima nacho kina mwenyewe, iwe ni kijiji, wakala wa misitu au kampuni yenye mnara. Mkubaliane kwa karatasi nani ana ufunguo, nani analipia umeme, na nani anaruhusiwa kupanda mnara.

Kwa nini redio za mitumba? Si bora kununua ripita mpya?

Ukiwa na fedha, nunua mpya na Mungu akubariki. Wengi wetu hatuna, na ukweli ni kwamba redio ya kikazi ya miaka ya tisini mara nyingi ina risiva bora kuliko redio mpya ya ridhaa ya bei ya chini. Ilitengenezewa polisi, mabasi na mashamba, ikae kwenye mnara wenye transmita nyingine kumi na bado imsikie mtu wake.

Zinatoka wapi? Makampuni ya ulinzi, ya utalii na mashamba makubwa yanahamia digitali au simu, na stoo zao zinajaa. Nje, Marekani iliwalazimisha wengi wa watumiaji wa kikazi walio kati ya MHz 150 na 512 kuingia kwenye chaneli nyembamba za kHz 12.5 kufikia tarehe 1 Januari 2013. Mashine zilizojua chaneli pana tu zikakosa kazi siku hiyo, ingawa kwa redio ya ridhaa bado zinafaa kabisa.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayeleta redio ya mtumba mezani kwangu: ndani yake mna chaneli za mwenye nayo wa zamani. Zifute kabla ya kuunganisha antena. Kubonyeza kitufe cha kusema kwenye chaneli ya kampuni ya ulinzi ni kosa la kisheria, na huenda kuna mlinzi anayeitegemea chaneli hiyo usiku huo.

Nitafute modeli gani?

Nitataja ninazoziamini. Ripita kamili: Kenwood TKR-750 ya VHF (masafa iliyomo bendi ya mita 2) na ndugu yake TKR-850 ya UHF (masafa ya juu zaidi), ambazo hustahimili kurusha mfululizo kwa wati 25. Motorola MTR2000 na Quantar ni mashine za kiwango cha juu, nzito na ngumu kufa. GE MASTR II ni ya zamani sana lakini wako watu wanaoipenda kama mzee anavyopendwa nyumbani, na risiva yake inastahili upendo huo. Tait T800 pia ni ya moduli, ukitoa kipande kibovu unarudisha kizima. Kwa redio za gari, Motorola GM300 ndiyo wengi tunaanzia.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo maandishi ya Wamarekani yanatupoteza. Bendi yao ya mita 2 inakwenda 144 hadi 148 MHz. Yetu inaishia 146. Redio nyingi za kikazi zimegawanywa kwa vipande vya bendi, na kipande kinachopatikana kwa wingi ni 146 hadi 174. Mmarekani akiwa na kipande hicho anatumia 146.9 bila shida; wewe unahitaji 145.1 ya kuingilia, na redio haifiki. Nyingine hujikaza zikafunga masafa chini kidogo ya mpaka wao, zikakupa furaha ya mezani, kisha usiku wa baridi kule mlimani osileta, saketi inayotengeneza masafa, inaachia na ripita inanyamaza. Soma kibandiko cha nyuma, namba ya modeli yote hadi herufi ya mwisho. Tafuta inayoanzia 136.

Hata ikifunga masafa, filta za mlangoni mwa risiva zinaweza kuwa zimepangwa kwa 155 au 160. Hapo redio inasikia, lakini inasikia vibaya. Risiva nzuri ya aina hii hufika SINAD (kipimo cha sauti dhidi ya kelele) ya desibeli 12 kwa mikrovolti 0.25 au pungufu. Ukipata 0.8, rudi kwenye filta kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Naweza kuunganisha redio mbili za gari nikapata ripita?

Ndiyo, na Motorola wenyewe walifanya hivyo: GR300 ni sanduku lenye redio mbili za gari ndani yake. Nitaeleza kwa GM300 kwa kuwa ndiyo iliyo mezani sasa hivi.

Nyuma kuna konekta ya pini 16. Kwenye redio ya kupokea, pini ya 11 inatoa sauti na pini ya 8 unaipanga kwa programu itoe ishara kwamba kuna mtu anasikika. Kwenye redio ya kurusha, pini ya 3 ikishushwa hadi erthi inarusha, na sauti unaiingiza kwenye pini ya 2 ya maikrofoni au pini ya 5 ya njia bapa, yaani isiyobadilisha uwiano wa sauti nene na nyembamba. Pini ya 7 ni erthi kwa zote. Weka kapasita kwenye njia ya sauti na rezista ya kurekebisha ya kilo-omu 10. Kile kiunganishi kidogo kati ya pini 15 na 16 usikitupe, maana bila hicho spika ya ndani haisikiki. Na waya za spika za redio hii hazina upande wa erthi: ukiugusisha mmoja kwenye chesisi, umeua kikuza sauti.

Zitenganishe redio hizo mbili kimwili. Nikiwa na nafasi naweka kila moja ndani ya sanduku lake la chuma, na waya wa umeme wa kila moja unapita kwenye kapasita za kuchuja. Sauti ikiwa safi lakini risiva inakoroma kila transmita inapowaka hata dupleksa (filta inayoziwezesha risiva na transmita kutumia antena moja) ikiwa sawa, mawimbi yanavuja kupitia waya za ndani.

Kisha punguza nguvu. Redio ya gari iliundwa kwa dereva anayesema sekunde chache na kusikiliza dakika nyingi. Ripita yenye gumzo la jioni inarusha saa nzima. Redio ya wati 45 ishushe hadi 15 au 20, ielekeze mapezi ya kupozea juu, ifungie feni.

Programu ya kuipanga inakataa kwenye kompyuta yangu. Nifanyeje?

Programu ya GM300 ni ya DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, na inategemea kompyuta ya polepole. Kwenye mashine ya leo mazungumzo kati ya kompyuta na redio yanavurugika, na unaweza kuharibu kumbukumbu ya redio katikati ya kuandika. Tafuta kompyuta kuukuu yenye mlango halisi wa siriali na kisanduku cha kuunganishia. Katika klabu, kompyuta hiyo moja ni mali ya thamani, itunzeni. Kabla ya kuandika chochote, soma yaliyomo kwenye redio na uyahifadhi.

Nimeona dupleksa ndogo ya bei nafuu mtandaoni. Itafaa?

Kwa mita 2, hapana. Ningependa swali hili liulizwe kabla ya fedha kutumwa, maana nimeona vijana wakichanga miezi kadhaa kwa kitu ambacho hakiwezi kamwe kufanya kazi waliyokikusudia.

Fikiria kazi yenyewe. Risiva inajaribu kusikia mikrovolti 0.2. Palepale, kwenye antena hiyohiyo, transmita inapiga wati 50. Tofauti kati ya sauti hizo mbili ni kama desibeli 168, na masafa yamepishana kHz 600 tu. Ni sawa na kusikiliza mdudu akitembea kwenye jani huku umeegemea mashine ya kusaga. Sehemu ya tofauti hiyo inazuiwa na risiva yenyewe, lakini desibeli 80 hadi 90 lazima zitoke kwenye dupleksa. Desibeli 85 maana yake ni kuruhusu sehemu moja tu ipite katika zaidi ya milioni 300.

Na dupleksa ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaielewa: kuzuia nguvu ya transmita isiingie kwenye risiva. Ya pili husahaulika: transmita haitoi masafa yake peke yake, inamwaga pia kelele dhaifu kwenye masafa ya pembeni, na sehemu ya kelele hiyo inaangukia juu kabisa ya masafa unayosikiliza. Risiva hata iwe bora vipi haiwezi kuichuja, kwa sababu iko mahali pale pale alipo mtu wako. Ni lazima ikatwe upande wa transmita.

Kwa kHz 600 kazi hiyo inataka mikebe mikubwa: silinda za shaba au alumini, kwa kawaida nne hadi sita, kila moja ikiwa na fimbo ya robo ya wimbi, karibu nusu mita kwa masafa yetu. Ukubwa huo hauna mbadala. Dupleksa bapa zinazotoshea kwenye kiganja zilikusudiwa masafa yaliyopishana MHz 5 au zaidi. Kwenye UHF, ukiruhusiwa kupishana kwa MHz 5 au 7.6, ndogo hizo zinafaa kwa nguvu ndogo, na hiyo ni sababu nzuri ya klabu changa kuanza na UHF. Lakini kwa kupishana kwa MHz 1.6 angalia mara mbili, nyingi zinashindwa.

Ukipata dupleksa kubwa ya mtumba, soma kibandiko: masafa na upana wa kupishana. Iliyokuwa kwenye 155 inaweza kuletwa 145, ila zile kebo fupi zinazounganisha mkebe na mkebe zilikatwa kwa urefu maalumu na ni sehemu ya filta. Usibadilishe hata moja kwa kebo ya urefu wowote uliyoiona mezani.

Hatuna fedha ya dupleksa kabisa. Kuna njia nyingine?

Antena mbili. Zikiwa kwenye mnara mmoja, moja juu kabisa ya nyingine kwa mstari ulionyooka, nafasi ya mita 10 inakupa kama desibeli 55 kwenye mita 2, na mita 20 kama 67. Ongezea mkebe mmoja au miwili kila upande na ripita inasimama. Kuziweka kando kwa kando ni hasara: kuzipata zile 55 kwa kutenganisha kimlalo unahitaji karibu mita 100. Ya juu iwe ya risiva. Siku zote masikio ndiyo yapewe nafasi nzuri.

Naweza kuipanga dupleksa kwa NanoVNA?

Unaweza, ukijua mpaka wake. Kile chombo kidogo cha kupimia filta na antena kinaona vizuri hadi desibeli 70 hivi kwenye VHF, kwa hiyo huwezi kuona desibeli 90 za dupleksa nzima. Mkebe mmoja mmoja unauona sawasawa, na hivyo ndivyo unavyopaswa kuipanga.

Kalibrisha kwenye ncha za kebo utakazotumia. Funga mkebe mmoja, tafuta kilele cha kupitisha na shimo la kuzuia. Zungusha fimbo kidogo sana. Robo ya mzunguko ni safari ndefu. Ukifika, kaza nati huku ukiangalia skrini, kwa maana nati yenyewe inasogeza fimbo. Ukimaliza yote unganisha, kisha ipishe nguvu ya kweli kwa nusu saa na upime tena ikiwa moto. Mikebe mizuri ina fimbo ya Invar, aloi ya chuma na nikeli ambayo haitanuki sana kwa joto. Isiyo nayo itahama kati ya saa nane mchana na alfajiri ya baridi, nawe utaitwa mlimani bila kujua sababu.

Na tafadhali, usirushe kamwe ndani ya NanoVNA. Toa transmita kabisa kwenye mfumo kabla hujagusa.

Watu wanakatikakatika. Nguvu iongezwe?

Karibu kila mara jibu ni hapana. Kutoka wati 25 hadi 50 ni desibeli 3, nusu ya hatua moja kwenye mita ya S, ile inayoonyesha nguvu ya ishara kwenye redio. Ripita inayosikika mbali kuliko inavyosikia inawatesa watu: wanaisikia safi, wanaiita, haijibu.

Dalili ya risiva kuzibwa masikio ni hii: mtu wa mbali anaingia, transmita inawaka, papo hapo anapotea kwenye kelele, transmita inazima, anasikika tena, inawaka, anapotea. Kama mtu anayebisha hodi, ukimfungulia mlango unamgonga nao.

Jaribio lake halihitaji maabara. Mwombe mwenzako aende mahali ambapo anaingia kwa shida, arushe bila kukoma. Wewe kaa kwenye ripita, sikiliza spika ya risiva yenyewe, transmita ikiwa imezimwa kwa mkono. Zikariri kelele zilizo nyuma ya sauti yake. Sasa washa transmita. Kelele zikibaki vilevile, risiva iko salama. Zikipanda, una kazi. Rudia ukiwa umetoa antena upande wa transmita na kuweka mzigo bandia wa omu 50 (rezista inayokula nguvu badala ya antena) moja kwa moja kwenye transmita, risiva ikibaki kwenye antena. Bado zinapanda? Uvujaji uko kati ya redio zenyewe. Zinapanda tu kupitia dupleksa na antena? Basi ni dupleksa, kebo, antena, au mnara wenyewe: nati yenye kutu au waya uliolegea unaogusana na chuma hutengeneza kelele kila unapopigwa na mawimbi.

Mimi nilipoteza masika mazima kwa kosa la aina hiyo. Nilibadilisha risiva, nikabadilisha transmita, nikapanga dupleksa upya mara tatu. Mwisho nilipanda mnara na kukata ile tepu nyeusi chini ya antena. Maji yalinidondokea mkononi. Nyuzi za kebo zilizopaswa kung'aa zilikuwa nyeusi, na nilipozikunja zikavunjika kama majani makavu. Konekta ilikuwa mpya, ila aliyeifunga hakuweka tabaka la mpira wa kuziba maji chini ya tepu, na kebo haikuachiwa kitanzi cha kudondoshea maji. Tangu siku hiyo naanza uchunguzi juu ya mnara, kisha nashuka.

Kebo gani?

Ile ngumu ya shaba yenye ukuta wa mikunjomikunjo, ya nusu inchi, hata ikiwa ya mtumba. Mita 30 zake kwenye 145 MHz zinakula chini ya desibeli 1. Mita 30 za RG-58 zinakula kama 6, maana yake robo tu ya nguvu inafika juu, na robo tu ya ile sauti dhaifu inashuka chini. Kumbuka dupleksa nayo imeshachukua chake: ikipoteza desibeli 1.5, wati 50 zinatoka 35.

Kebo zenye karatasi ya alumini chini ya wavu wa shaba iliyopakwa bati, kama LMR-400, ni nzuri kwa kituo cha nyumbani lakini sizipendi kwenye ripita. Metali mbili tofauti zinazosuguana kila upepo unapovuma huzaa mikwaruzo risiva inapofanya kazi pamoja na transmita. Ndani ya kabati tumia RG-214 yenye wavu mara mbili, na konekta ziwe za aina ya N.

Kontrola ninunue au nitengeneze?

Kontrola ndiyo inayoiongoza ripita, na kanuni zake ni chache: isubiri sekunde 2 au 3 baada ya mtu kunyamaza, imkatize anayezidi dakika 3, itaje alama ya wito (kila dakika 10 ndilo zoea), na iwe na njia ya kuizima kutoka mbali. Kijana anayejua Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, ataiandika. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya SvxLink inafanya hayo yote na kuunganisha ripita na nyingine kwa intaneti. Washa pia toni ya CTCSS kwenye maingilio, mlio wa chini ambao redio ya mtu hutuma pamoja na sauti yake, kama 88.5 Hz, ili ripita isiamshwe na kelele za minara jirani. Ila usitumie toni kufunika ugonjwa: kelele ikiwepo bado ipo, umeziba tu usiisikie.

Sauti inatoka nzito, au kali kama ya bati. Kwa nini?

Umechanganya njia. Sauti ghafi ya diskrimineta, saketi ya risiva inayotoa sauti kwenye mawimbi, iende kwenye njia bapa ya kurusha. Sauti iliyokwisha sawazishwa kwa ajili ya spika iende kwenye maikrofoni. Ukipeleka ghafi kwenye maikrofoni inakuwa kali, ukipeleka ya spika kwenye njia bapa inakuwa nzito. Kisha linganisha devisheni, yaani kiasi ambacho sauti inayumbisha masafa: anayeingia na kHz 3 atoke na kHz 3, na kilele kisizidi 5 kwa chaneli pana.

Sola inahitaji ukubwa gani?

Andika matumizi kwanza. Tuseme risiva na kontrola zinakula ampea 0.5 mchana na usiku: 12 Ah. Transmita inakula ampea 8 kwa jumla ya saa 3: 24 Ah. Jumla 36 kwa siku. Ukitaka siku tatu bila jua na betri ya asidi usiyotaka kuishusha chini ya nusu, unahitaji kama 216 Ah. Ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 inaruhusu kushuka zaidi, basi inatosha ndogo. Paneli: 36 Ah kwa volti 12 ni Wh 432, jua la saa 5 linadai wati 87 kwenye karatasi, nami nafunga 200, kwa sababu ya vumbi, mawingu ya masika na kinyesi cha ndege.

Kidhibiti cha chaji cha aina ya MPPT cha bei ya chini kinaweza kupiga kelele kwenye VHF kuliko jirani yeyote. Kijaribu mezani karibu na risiva kabla ya kukipandisha.

Na radi?

Tunaishi penye radi nyingi duniani, kuanzia milima ya mashariki mwa Kongo hadi Kisii na Kakamega. Radi ikipiga mnara moja kwa moja utapoteza kitu. Kazi yako ni kupunguza hasara na kumlinda mtu. Unganisha kila chuma na kila erthi pamoja: mnara, kabati, paneli, nondo za chini. Erthi mbili zisizounganishwa ni hatari kuliko moja mbovu, kwa kuwa umeme utapita kwenye redio ukitafuta njia kati yake. Kebo ishikishwe erthi juu, chini ya mnara na mlangoni, na pale mlangoni ifungwe kizuia radi chenye kidonge cha gesi. Juu ya mwamba nondo haziingii, basi tandaza mikanda mirefu kuelekea pande zote. Sisi tunatumia mikanda ya chuma yenye zinki. Ya shaba ilikaa wiki mbili ikachimbuliwa na wezi.

Na mawingu yakianza kukusanyika, shuka. Ripita isubiri.

Nipande mara ngapi, na nikague nini?

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, hata kama hakuna aliyelalamika. Nabeba daftari moja lililoanza siku ya kwanza, na kila safari naandika namba zilezile: wati zinazokwenda na zinazorudi, unyeti wa risiva, volti za betri asubuhi kabla ya jua, joto la transmita baada ya dakika 10. Namba moja haisemi kitu. Namba za miaka minne zikipangwa ukurasa mmoja zinakuonyesha kebo inayoanza kunywa maji miezi kadhaa kabla ya watu kuanza kulalamika.

Baada ya vipimo ni kazi ya mikono. Fungua feni: nyigu hupenda kujenga viota vya udongo ndani yake, na feni isiyozunguka ni transmita iliyoungua. Weka wavu mdogo kwenye kila tundu. Angalia waya zilizotafunwa na panya, hasa zile laini za ishara. Fukuza mchwa mguuni mwa kabati. Kaza vituo vya betri, vipake grisi. Gusa kila konekta kwa mkono. Iliyo ya moto kuliko jirani zake ina tatizo.

Halafu kuna jaribio la mwisho, ninalolifanya nikiwa njiani kurudi. Kuna daraja la mto, kilomita 41 kutoka kilimani, ambapo barabara inashuka na ishara inakuwa nyembamba. Nasimamisha gari, natoka nje na redio ya mkononi, naishusha hadi wati 1, antena yake fupi ileile, naita. Wakinisikia, naendelea nyumbani. Wasiponisikia, nageuza gari.